Shahada ya kugongea muhuri

Afisi niliyokuwa nikifanyia kazi hapa mjini Unguja ilikuwa na karani wa masjala aliyeishia Form Three. Ukimtajia jina la mtu tu, hata daftari hajafungua, anakwambia: kabati la pili, rafu ya chini, faili lililofungwa kamba nyekundu. Alipostaafu nafasi ikatangazwa. Sifa ya kwanza: shahada. Kazi ni ileile, kupokea barua, kuigonga muhuri, kuitia nambari na kuipeleka kwa mkubwa.

Nafasi akaipata kijana aliyesomea uhusiano wa kimataifa. Simlaumu, hata mie ningeomba. Mwezi wa kwanza alipanga mafaili yote upya. Wa pili akahamia kwenye simu, barua zikawa zinalala mezani siku tatu.

Kinachoniudhi ni lile tangazo. Zamani shahada kwetu ilikuwa ya kuvukia bahari. SUZA yenyewe, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imeundwa kwa sheria ya 1999. Leo wahitimu tele, na mwajiri kaifanya shahada chekecheo la kupunguzia bahasha. Anayeumia zaidi ni binti wa Form Four mwenye mwandiko mzuri na kichwa cha kukumbuka. Ile ilikuwa kazi yake, na sasa hata kwenye usaili haitwi.

Mpwa wangu yeye ana shahada ya uhasibu, na msimu wa karafuu yuko Konde, Pemba. Jioni wachumaji wanarudi, karafuu zinachambuliwa, makonyo, yaani vijiti vyake, upande, kisha zinapimwa kwa pishi. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi kila siku: "Mie nimeleta nane, mbona umeniandika sita?" Kijana akachora daftari la skuli: jina, pishi, malipo, alichokopa. Hakuna anayeondoka kabla ya kutia saini au dole gumba. Kelele zikaisha. Karafuu zikishakauka majamvini anazipima tena kwa kilo kabla ya kuzipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, basi anajua pishi ngapi mbichi zimetoa kilo ngapi kavu, na kama kuna gunia limepungua njiani anajua ni lipi. Babu yake alilima mikarafuu miaka yote na hesabu hiyo hakuwa nayo.

Juzi nilimpigia simu mamake kumuulizia.

"Yupo kambini, analipa wachumaji," akanijibu. "Maskini kaka, mtoto mpaka leo kazi hajapata."