Rekodi Unayoipenda, Inunue Uwe Nayo

Septemba 2021, Primephonic, huduma ya kusikiliza muziki wa klasiki kwa ada ya mwezi, ilifungwa baada ya kununuliwa na Apple. Programu iliyoahidiwa badala yake ilitoka Machi 2023. Mwaka mmoja na nusu! Watu waliokuwa wamejipangia maktaba zao ndani ya Primephonic walibaki mikono mitupu. Ndiyo maana nashikilia kwamba rekodi unayoipenda uinunue, uipakue, uihifadhi mahali pawili.

Tatizo ni kwamba maduka mengi ya mtandaoni huhesabu kila faili kuwa wimbo mmoja. Tazama Goldberg Variations ya Bach: aria, yaani kipande cha mwanzo, vipande 30 vinavyoigeuza kwa namna mbalimbali, halafu aria tena. Jumla 32, na vingine havifiki hata dakika mbili. Ukitozwa kwa kipande, utalipa mara 32 kwa kazi ambayo mpiga piano Glenn Gould, mwaka 1955, aliimaliza kwa dakika 38 hivi. Wakati huohuo, sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tatu ya Mahler, yenye nusu saa na ushei, nayo huhesabiwa wimbo mmoja. Haki iko wapi hapo? BIS, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Sweden, ililiona hilo, na duka lake la mtandaoni la eClassical likapanga bei kwa sekunde. Kwangu huo ndio uungwana wa biashara.

Kuhusu aina ya faili, chukua FLAC, faili isiyopunguza chochote cha sauti, hata kama inakula bando. Katika Simfoni ya Tano ya Beethoven, sehemu ya tatu haikomi: ngoma zinagonga chini kwa chini, sauti inapanda, mara orkesta nzima inalipuka ndani ya sehemu ya nne. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na programu isiyojua kuuondoa hukata pumzi palepale mlipuko unapokuja. Kazi yote ya Beethoven imeharibika.

Halafu kijitabu cha maelezo kinachokuja na rekodi. Lebo ya Hyperion ya London ilirekodi nyimbo zote za Schubert, Graham Johnson akiwa kwenye piano, na maelezo aliyoyaandika yanafundisha kuliko darasa. Duka linaloniuzia nyimbo za Kijerumani bila maneno yake wala tafsiri limeniuzia nusu, nami sirudi kwake.