Ndiyo, Ni Mimi Niliyefuta Sola Saa Nane Usiku

Wadau, naona ile klipu yangu ya juu ya paa imeshawafikia. Jamaa yangu kifua hana kabisa. Jambo akilijua asubuhi, mchana lipo kwenye kila simu. Basi acheni niseme mwenyewe, maana kwenye klipu naonekana sina akili. Akili ninayo. Usiku ule ilikuwa imelala tu.

Mnakumbuka nilivyowachosha na hesabu za kikaravani changu. Friji ya kompresa ya wati 45, yaani karibu ampea 4 kwa betri ya volti 12 ikinguruma. Inafanya kazi kama theluthi ya siku, saa 8, kwa hiyo inakula ampea-saa 32. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu, inakupa 50. Juu ya paa paneli ya wati 160. Hesabu hiyo hata leo sifuti namba. Ila waya wa kwenda kwenye friji haukuingia kwenye hesabu, kwa sababu ulikuwa wa bure. Ulibaki nilipofunga spika.

(Mafundi, naomba mnyamaze kwanza.)

Usiku wa kwanza friji ikaanza vituko. Inanguruma sekunde chache, inazima. Inakaa kidogo, inanguruma tena, inazima. Kuna kitaa kinapepesa mara moja, kinatulia sekunde nne, kinapepesa tena. Jamaa akauliza kile kitaa kinasema nini. Nikamjibu bila hata kugeuka: "Inapumzika." Kumbe kwa kompresa za aina ile, pepesa moja maana yake "volti hazitoshi, nimejikata." Imeandikwa kwenye kijitabu chake. Kijitabu nilikikunja kuzuia meza isicheze.

Saa nane nikaamka. Kimya. Nikafungua friji, nikashika paketi ya maziwa: vuguvugu. Nikakimbilia kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kwenda betri, nikamulika kioo chake. Kinaonyesha paneli inaleta wati 0.

Sifuri!

Hapo ndipo kichwa kilipofanya kazi kwa kasi, lakini kwa kurudi nyuma. Tumetembea barabara ya vumbi kutwa nzima, vumbi likiganda kwenye paneli linapunguza umeme, na hili ni kweli kabisa, nitalitetea popote. Kwa hiyo vumbi. Nikachukua ndoo, kitambaa, sabuni kidogo, tochi nikaiuma kwa meno, nikapanda ngazi na bukta yangu ya kulalia, ile yenye tundu nyuma. Ndiyo, tundu linaonekana kwenye klipu. Ahsanteni kwa kunikumbusha, watu kumi na moja.

Nikafuta. Nikafuta kwa utaratibu, toka juu kushuka chini, nisiikwaruze. Nikatoa tochi mdomoni, nikaita: "Angalia kontrola, imepanda?"

Sauti ya usingizi toka ndani: "Bado sifuri."

"Ngoja nimalize kona hii." Nikajua ni kona, maana paneli ikifunikwa kona moja tu inaweza kupoteza sehemu kubwa ya umeme. Nikaisugua ile kona mpaka nikaona uso wangu ndani yake. "Sasa je?"

"Sifuri."

Nikamwaga maji yote yaliyobaki. Nikapangusa. Nikainama, nikaimulika paneli kwa tochi, inang'aa kama kioo cha saluni. "Na sasa? Imepanda?"

Kimya kirefu. Kisha nikaisikia sauti yake, sasa inatokea nje, chini ya ngazi: "Kaka. Jua liko wapi?"

Nikatazama juu. Nyota, wadau. Nyota tupu.

Nikatazama chini, nikakuta simu yake inanitazama. Alikuwa anarekodi tangu "imepanda" ya kwanza.

Asubuhi nilitoa multimita, kipimo cha umeme. Betri friji ikiwa imezima: volti 12.5, haina ugonjwa. Kwenye plagi ya friji, friji ikiwa imezima: 12.5 vilevile, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu waya usiopitisha umeme hauonyeshi kosa lake. Friji ilipoanza kunguruma: kwenye betri 12.3, kwenye plagi 11.0. Nami nilikuwa nimeiweka kinga ya betri, ile inayoizima friji betri isiishe, kwenye H, yaani kiwango cha juu, inayokata kwenye volti 11.1. Mita 5 za waya wa milimita za mraba 0.75 ni mita 10 ukihesabu kwenda na kurudi, na kwa ampea 4 zinakula volti 0.9 peke yake. Kilichobaki kililiwa na plagi ya kiberiti, ile ya tundu la kuwashia sigara kwenye gari, iliyolegea mpaka ikawa ya moto. Friji ikizima, volti zinarudi juu, inadanganyika, inajaribu tena. Usiku kucha.

Nikaweka waya wa milimita za mraba 6, moja kwa moja toka betri, fyuzi ya ampea 15 jirani kabisa na betri, plagi ya kiberiti nikaitupa. Upotevu sasa ni kama volti 0.12. Maziwa tulimwaga. Bukta nimeshona.

Jamaa naye ameweka kengele kwenye simu yake. Kila usiku saa nane kamili napata ujumbe wa neno moja: "Imepanda?"