Usonji: Tathmini Isingoje, Kadi Yaweza Kungoja

Mtoto akichelewa kusema, nyumba nyingi za Mombasa hugawanyika. Mmoja ataka apimwe usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) na aandikishwe kuwa mtu mwenye ulemavu, mwingine asema angojwe, kwani hata babake alichelewa.

Wanaongoja wana hoja. Kweli wapo watoto waliochelewa kisha wakafunguka. Na jina la ulemavu likishamganda mtoto, shule nyingine humwelekeza kitengo maalumu kabla ya kumtazama, huku mtaani wakinong'onwa hadi dada zake. Kisomo na kombe (maji ya kunywa yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini) navyo huipa familia utulivu, na hatuoni sababu ya kuvibeza, mradi visiwe badala ya kipimo.

Ila wanachanganya mambo mawili: tathmini, yaani kupimwa, na kadi ya kuandikishwa kuwa mwenye ulemavu.

Tathmini haifai kungoja. Mwenye miezi 12 asiyegeuka akiitwa, mwenye miezi 16 asiye na neno hata moja, mwenye miaka 2 asiyeunga maneno mawili yake mwenyewe (kukariri tangazo la televisheni hakuhesabiki): hao wapimwe sasa. Aliyekuwa akisema kisha maneno yakampotea apelekwe upesi zaidi, umri wowote. Masikio kwanza, maana asiyesikia naye hageuki. Usonji hauna kipimo cha damu. Mtaalamu hutazama na kuuliza, na hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto amekaa foleni tangu asubuhi, ana njaa, analia, na daktari ana dakika chache tu. Nendeni na video fupi za simu: akicheza, akila, akiitwa kutoka nyuma, akiwa na wenzake. Chukueni kijitabu cha kliniki na maelezo ya mwalimu wa chuoni (madrasa). Kwa upande wa masomo, Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu.

Kadi ni jambo jingine. Hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya tathmini ya hospitali iliyoidhinishwa. Wengi huifuata wakitarajia shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, wakaishia kuvunjika moyo: kwa upande wa ulemavu, fedha hizo ni za wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa saa zote, na familia huchaguliwa kando. Mwenye mtoto wa miaka 6 anayelishwa na kuogeshwa asichelewe kuiomba. Wa mtoto anayejimudu anaweza kusubiri hadi pawe na huduma inayoidai, lakini aanze mapema kabla ya kuihitaji, kwani makaratasi huchukua muda.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji kadi wala jina. Chukueni mfano wa kumzoesha mtoto feri ya Likoni, inayowatisha wengi kwa honi na msongamano. Chapisheni picha nne mlizopiga wenyewe: kituo cha matatu, mteremko, feri, mlango wa bibi. Kila hatua ikiisha, mtoto aigeuze picha yake. Kosa la kawaida ni kumwonyesha mara moja tu, siku ya safari, tena saa ya watu kwenda kazini. Onyesheni kila siku wiki nzima, kisha mwende saa nne asubuhi. Akiziba masikio mteremkoni, rudini nyumbani bila kumkaripia. Safari ifuatayo iishie picha ya pili, na ya tatu iongezwe akishasimama hapo kwa utulivu.