Mjumbe aliitwa begi likiwa limeshafunguliwa

Habari inasema kijana wa hapa Dodoma kakutwa na bangi, na tayari wengi mmeandika "afungwe tu". Tulieni kidogo. Mtoto wa dada yangu alipitia hayo hayo. Hati ya upekuzi ilionyesha mjumbe wa mtaa alikuwepo, lakini mzee wa watu akaapa kizimbani kwamba alipofika begi lilikuwa wazi juu ya meza, akaambiwa weka sahihi hapa.

Wakili wetu hakubishana kama ni bangi au majani ya chai; ripoti ya Mkemia Mkuu ilikuwepo. Aliuliza tu: bahasha ya kaki iliyowekwa hiyo bangi nani aliipokea, saa ngapi, ilifungwa kwa lakiri (ule muhuri wa nta) na nani, rejista iko wapi? Mahakama ya Rufani ilishasisitiza kumbukumbu za makabidhiano ya vielelezo, yaani nani alikabidhi ushahidi kwa nani, katika rufaa namba 110 ya 2007, tena ikiwa imekaa hapa hapa Dodoma.

Familia ya huyo kijana, kama mnasoma, muulizeni kwanza alisaini nini na nani aliona. Wakili hamna? Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017.