Digrii ya TEHAMA Ukiwa Kazini: Bando Hununuliwa, Muda Haununuliki

Mtu mzima mwenye kazi, familia na makato ya mkopo kwenye mshahara akiniuliza kama asome shahada ya TEHAMA kwa njia ya mtandao, namjibu asome. Kisha namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu za kujiunga: saa za kusoma utazitoa wapi? Ada hupatikana kwa kuungaunga, bando pia. Saa mbili za jioni, tena kila jioni, hakuna wa kukukopesha. Mimi ni mtunza stoo ya dawa hospitalini na ninasoma shahada hiyo jioni na wikiendi. Naamini kwa dhati kwamba njia hii ni halali, ni ngumu, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa sasa.

Niseme kwanza kuhusu heshima. Bado wapo watu, wakiwemo wanaokaa kwenye paneli za usaili, wanaodhani kusoma ukiwa mbali na chuo ni njia ya mkato iliyokuja na simu janja. Si kweli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, wakati ambapo mtumishi wa Sumbawanga au Lindi hakuwa na intaneti ya kumfikishia somo. Uingereza walianzisha chuo chao huria mwaka 1969. Afrika Kusini walitangulia wote, kwani UNISA, yaani Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, ilianza kufundisha wanafunzi walio mbali mwaka 1946, na shahada ya sheria ya Nelson Mandela ilitoka huko mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Majirani zetu wa Kenya nao walikipa hati Chuo Kikuu Huria chao Agosti 2023, kule Konza, na miongoni mwa masomo ya mwanzo wakaweka sayansi ya data na usalama wa mitandao. Kwa hiyo anayeuliza "hiyo digrii ni ya kweli au ya mtandaoni?" anauliza jambo lililokwishajibiwa zamani.

Tena kwa teknolojia, hoja kwamba mwanafunzi wa mbali hajashika kitu kwa mikono haina nguvu kama kwa fani nyingine. Huwezi kujifunza upasuaji kwa kutazama video. Lakini mwanafunzi wa kuandika programu za kompyuta maabara yake ni laptopu, na programu ikigoma Masaki itagoma pia Tandahimba. Hata somo la mitandao, ambalo zamani lilidai chumba chenye ruta na swichi, sasa linafanyiwa mazoezi kwenye Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, ambamo unaunganisha vifaa, unaviharibu makusudi na kuvirekebisha hapohapo mezani kwako.

Faida kubwa zaidi, ambayo sioni ikisemwa vya kutosha, ni kwamba mtu wa kazini anakwenda darasani akiwa na tatizo lake mkononi. Chukua somo la kanzidata, yaani namna ya kupanga na kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta. Kwenye orodha za stoo ya dawa, kitu kilekile huandikwa "Paracetamol 500mg" na huyu, "PCM tabs" na yule, na wa tatu akaandika "Panadol". Kwa kompyuta hizo ni dawa tatu. Ukiuliza salio, unapata majibu matatu madogo na hakuna hata moja lililo sahihi. Mwalimu anapoeleza kwamba kila kitu kiwe na namba moja ya utambulisho isiyorudiwa, mimi sihitaji mfano wa kubuni.

Kuna jambo lililonigusa zaidi ya hilo. Tarehe ya kuisha muda si sifa ya dawa. Ni sifa ya mzigo ulioingia. Amoksilini ya watoto ni moja, lakini maboksi yaliyopokelewa Machi na yaliyopokelewa Julai yana namba tofauti za bachi na yanaisha muda kwa tarehe tofauti. Ukiiweka tarehe kwenye jedwali la dawa, kila mzigo mpya utafuta tarehe ya ule wa zamani, na chupa zilizosukumwa nyuma ya rafu zitaharibika bila mfumo kusema neno. Tenganisha jedwali la dawa, jedwali la mapokezi na jedwali la utoaji, ndipo unaweza kuiagiza kompyuta ikuonyeshe kinachowahi kuisha ili kitoke kwanza. Kijana wa hosteli anaweza kuikariri kanuni hiyo na kupata A, nami nampongeza. Ila aliyewahi kubeba maboksi ya dawa zilizoisha muda kwenda kuteketezwa haisahau, hata ukimwamsha usiku wa manane. Waajiri wanaodharau wahitimu wetu wanadharau ujuzi wa namna hii.

Sasa ugumu. Wengi huingia wakidhani kitakachowatesa ni kompyuta. Kinachowatesa ni hesabu: mantiki na seti, matriki, kalkulasi, takwimu. Mtu aliyeaga hesabu kidato cha nne akaishi maisha yake vizuri tu, anakutana nazo muhula wa kwanza bila kuonywa. Ushauri wangu ni kutumia miezi kadhaa kabla ya kujisajili kurudia vitabu vya sekondari, bila haya yoyote. Programu nayo ina tabia yake: ukiiacha siku tano, ya sita unaanza upya. Saa moja kila siku hukufikisha mbali kuliko Jumamosi nzima. Na uchukue kozi chache kwa muhula. Anayejaza kozi zote ili amalize haraka hukutana na sapu, mtihani wa kurudia somo ulilofeli, na sapu ina gharama yake na muda wake.

Hapo narudi kwenye saa. Mara nyingi saa hizo hutolewa na mtu mwingine nyumbani, ndiyo maana ninasisitiza mazungumzo ya kifamilia kabla ya malipo ya ada. Nani atawalaza watoto? Nani atakwenda kwenye kikao cha harusi? Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mwenzao wa kiume akisoma usiku anaitwa mchapakazi, wao wakisoma wanaulizwa vyombo vimeoshwa na nani. Ninawaona wanafunzi wenzangu wa kike wakiingia mtandaoni saa tano usiku, baada ya kila mtu kulala, na alama zao zinashinda za wengi wetu. Mume anayetaka kujua namna ya kumsaidia mkewe aanze na jikoni.

Miundombinu nayo ina siku zake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na zoezi la kuwasilisha wiki ile anajua joto lake. Vyuo vinavyofundisha watu wa huku vinapaswa kuweka utaratibu ulioandikwa wa kuongeza muda pale mtandao wa nchi nzima unapoanguka, badala ya kumwacha kila mwanafunzi aombe huruma ya mkufunzi wake kwa barua pepe isiyoweza kutumwa. Mwanafunzi kwa upande wake apakue masomo mapema, bando likiwa zuri na umeme ukiwepo.

Kuhusu chuo cha kuchagua, milango ni mingi kuliko zamani. Chuo cha Georgia Tech cha Marekani kimekuwa kikitoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni tangu 2014, kwa ada ya jumla iliyokaa chini ya dola 10,000. Chuo Kikuu cha London nacho kinatoa shahada ya kwanza ya fani hiyo kupitia Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni. University of the People haitozi ada ya masomo, ila hutoza ada ya tathmini kwa kila kozi, kwa hiyo piga hesabu ya kozi zote kabla hujafurahi. Kwa vyote vya nje, swali la kwanza liende kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambao ndio wanaotambua vyeti vya nje. Uliza kabla ya kulipa, na upate jibu la maandishi. Mwaka 2015 kampuni ya Axact ya Karachi ilifichuliwa ikiendesha tovuti nyingi za vyuo hewa na kuuza shahada kwa watu wa nchi mbalimbali. Chuo kinachokupa digrii kwa "uzoefu wa maisha" ndani ya wiki mbili hakitaki akili yako, kinataka kadi yako ya benki.

Wapo wanaosema usihangaike na chuo, video za bure zinatosha. Kwa mtu anayejiajiri huenda zinatosha. Kwa mtumishi wa umma hazitoshi, kwa kuwa muundo wa utumishi unaitaka shahada kwa nafasi ya Afisa TEHAMA, na video haziingii kwenye faili lako la utumishi.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu mkubwa. Mtumishi anahitimu baada ya miaka ya kulala saa nane usiku, anapeleka cheti, anaambiwa asubiri kubadilishiwa kada. Ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, haina nafasi, bajeti imepita, barua imekwama. Anaendelea kuhesabu maboksi huku mfumo wa kompyuta wa palepale ukitengenezwa na mtu wa kukodi. Hili linazuilika. Mwajiri anaposaini ruhusa ya masomo anajua mhitimu atatoka mwaka gani, hivyo nafasi yake iingizwe kwenye ikama ya mwaka huo tangu siku hiyo, na ruhusa yenyewe iseme wazi kwamba wiki za mitihani ni zake. Mkuu wa idara ambaye kwa sasa ana mwanafunzi wa namna hii ofisini kwake anaweza kulifungua faili hilo kesho asubuhi.