Uzamili wa uuguzi mtandaoni: swali la muuguzi wa Kondoa

Mwezi uliopita, saa tano usiku, muuguzi wa kituo kimoja cha afya wilayani Kondoa alinitumia ujumbe wa sauti akiwa zamu. "Shikamoo dada. Nimepata chuo cha nje, master ya uuguzi, yote mtandaoni, miaka miwili, ada unalipa kwa awamu. Niombe au niache?" Nilimsimamia wodini alipokuwa mwanafunzi, ndiyo maana aliniuliza mimi. Ilinichukua siku tatu kumjibu. Kila nilipotaka kuandika "omba" nilikumbuka jambo, na kila nilipotaka kuandika "acha" nikakumbuka jingine.

Nianze na yanayomvuta, maana ni mazito. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160. Lami ipo, mabasi yapo, lakini hakuna mtu wa kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma asubuhi akarudi kuingia zamu ya usiku. Akitaka kusoma pale lazima ahame: aombe ruhusa kwa mkurugenzi wa halmashauri, apange chumba Ng'ong'ona au Iyumbu karibu na chuo, aache watoto kwa bibi yao au awahamishe shule. Na vyumba vya Dodoma si vile vya zamani. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku kwa vitendo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakupa ufunguo. Kwa mshahara wa muuguzi, hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Halafu kuna kituo anachokiacha. Mkoa wa Dodoma, kwa sensa ya 2022, una watu 3,085,625, na wengi wao hawako mjini. Wako Chemba, Bahi, Mpwapwa, Chamwino, wakitegemea vituo vyenye wauguzi wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja akienda masomoni, mara nyingi haletwi wa kushika nafasi yake. Waliobaki hugawana zamu zake za usiku. Mama anayefika na uchungu saa nane za usiku hana habari na ruhusa ya masomo ya mtu. Anachokiona ni kwamba sista aliyempokea anakimbia huku na huku kati ya chumba cha kujifungulia na wodi ya watoto. Anayesoma mtandaoni anabaki kituoni, na hiyo naihesabu kuwa faida ya wagonjwa.

Tena maswali ya utafiti yako huku huku. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwamo, na wagonjwa wale wenye macho ya njano na matumbo yaliyojaa walianza kuonekana vijijini, si mjini. Utafiti wa vikope, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, uliofanyika Kongwa ulionyesha kwamba kumnawisha mtoto uso, pamoja na dawa, kunapunguza ugonjwa ule ukiwa mkali. Muuguzi anayebaki kituoni anaishi juu ya maswali kama hayo kila siku. Kilichokuwa kikimkosesha ni maktaba. Mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza mwaka 2002, unafungua majarida ya tiba kwa nchi kama yetu, ila unapitia taasisi. Kituo cha afya cha kijijini ni nadra kuwa nao. Akisajiliwa chuoni, hata kama chuo kiko ng'ambo ya bahari, anapata nywila ya maktaba na anasoma majarida yale yale anayosoma daktari bingwa wa mjini.

Sasa upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipo kila siku.

Uuguzi unafundishwa kwa mkono. Hapa nchini mtu akimaliza shahada ya kwanza ya uuguzi anapitia mwaka wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi, hospitalini kwanza, na sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu akipendekeza mwaka ule ufanyike kwenye simu. Wanaotetea uzamili wa mtandaoni wana jibu zuri kwa hoja hii, nami nalikubali kwa sehemu kubwa: anayeomba uzamili ameshapitia mwaka ule. Ana miaka mitano, minane, kumi ya kushika wagonjwa. Mikono anayo. Anachokwenda kutafuta ni namna ya kufikiri, kupima ushahidi, kuongoza wenzake.

Lakini inategemea tawi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale pale Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Muuguzi anayemwangalia mgonjwa saa za kwanza baada ya upasuaji ule anasoma mkojo, shinikizo la damu, rangi ya ngozi na kimya cha mgonjwa kwa wakati mmoja. Hilo amelipata kwa kusimama karibu na anayelijua, akarekebishwa papo hapo, "hapana, angalia tena." Afya ya akili nayo vivyo hivyo: kumtuliza mgonjwa aliyechafukwa bila kumfunga kamba kunafundishwa wodini Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, na aliyejifunza kwa video anajulikana siku ya kwanza. Kwa wagonjwa mahututi, ukunga wa juu au afya ya akili, uzamili usio na wodi naukataa.

Hata Marekani, wanakosifiwa kwa digrii za mtandaoni, hawajaihamishia wodi kwenye kompyuta. Kwa wauguzi wao wa ngazi ya juu wanaochunguza wagonjwa na kuandika dawa, viwango vya mafunzo vya mwaka 2022 vinadai saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Nadharia ni mtandaoni. Saa zile hufanyika hospitalini chini ya msimamizi, ambaye mara nyingi mwanafunzi hujitafutia mwenyewe. Programu zao nyingi zinadai uwe na leseni ya uuguzi ya huko kabla hujapokelewa. Na ukishamaliza, kazi ile hapa kwetu hufanywa na tabibu na daktari, kwa hiyo unarudi na ujuzi usio na kiti cha kukalia. Uongozi wa huduma, ualimu wa uuguzi na afya ya jamii ni habari nyingine kabisa. Huko mtandao unatosha kwa sehemu kubwa, na ningemtia moyo mtu bila kusita.

Utambuzi wa cheti nitausema kwa kifupi, kwa sababu jibu halihitaji mjadala: uliza Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo kile na programu ile vinatambuliwa, uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga, uliza mwajiri kama cheti kitaingia kwenye muundo wa utumishi. Yote kwa maandishi, kabla ya awamu ya kwanza ya ada.

Kinachonitia hofu kuliko cheti ni muda. Ruhusa ya masomo, pamoja na usumbufu wake wote, ni ukuta. Mtu akishapewa barua, kwa kawaida mshahara unaendelea na hakuna wa kumpigia simu aje kushika zamu. Anayesoma mtandaoni hana ukuta huo. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, anamwona yupo, ratiba inampanga kama kawaida. Nyumbani pia wanamwona yupo. Mama akiwa ndani, hata kama amefungua kompyuta, atafuatwa na chumvi imeisha, mtoto ana homa, wageni wamefika. Nimewaona wenzangu wakitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, wanapika, wanaoga, wanafungua somo saa nne, wanasinzia juu yake. Mmoja aliacha akiwa amebakiza tasnifu. Uwezo alikuwa nao kuliko wengi waliohitimu. Tukisema mtandao umeondoa gharama ya masomo, tuseme pia kwamba gharama ile imehamia kwenye usingizi wa muuguzi, na muuguzi asiyelala ndiye anayepima dozi ya mtoto.

Ndiyo maana nadhani lawama na kazi viko zaidi kwa vyuo vyetu na waajiri kuliko kwa huyu binti wa Kondoa. Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikifundisha watu walio makazini tangu miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Dodoma kina hospitali ya kufundishia mlangoni. Nadharia ya uzamili ingeweza kwenda mtandaoni, na mwanafunzi akaitwa wodini wiki sita kwa mwaka, akiwa na ruhusa ya wiki hizo na siku moja ya masomo kwa juma kwenye ratiba ya zamu. Hata MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kule Dar es Salaam, si mbali tena kwa mtu wa kati. Tangu 2024 treni ya mwendokasi inafika kwa saa chache. Mkurugenzi atapata tabu kidogo kutoa wiki sita kuliko kutoa miaka miwili.

Nilimjibu hivi. Kwanza nilimwuliza anataka kufanya nini akimaliza, akasema anataka kufundisha chuo cha uuguzi. Nikamwambia basi omba, ila usilipe chochote hadi Tume iwe imekujibu. Nenda kwa mganga mfawidhi na barua mkononi, uombe usipangwe usiku siku mbili za kila wiki, na barua hiyo ibaki na muhuri. Mada ya utafiti ichukue hapo hapo kituoni, na utafute mwalimu mmoja wa Dodoma akusimamie pamoja na yule wa ng'ambo, maana kibali cha maadili ya utafiti utakihitaji hapa nchini pia. Jana ameniandikia kwamba barua ameipeleka. Mganga ameipokea, amesema ataangalia ratiba.