Bakuli la bamia chini ya Bullring

Jumamosi nilikwenda Bullring, jumba la maduka hapa Birmingham, Uingereza, kumnunulia mwanangu viatu vya shule. Nikatoka kwa upande wa kanisa la Mtakatifu Martin, na dakika mbili baadaye nilikuwa nachagua bamia. Muuzaji anaita mpaka sauti inakauka: bakuli paundi, bakuli paundi! Mboga zimepangwa kwenye mabakuli. Unaonyesha unalotaka, anakumiminia kwenye mfuko. Ni mafungu yale yale ya Mwenge na Manzese kule Dar es Salaam, tofauti ni kwamba fungu limekaa ndani ya bakuli. Nilifurahi, halafu nikashikwa na uchungu.

Soko hili limegusana kabisa na jumba lililofunguliwa mwaka 2003, lenye Selfridges na maduka ambayo watu wanasafiri kuja kuyaona. Kabla jumba halijafunguliwa, wauzaji walijengewa soko hatua chache tu kutoka pale. Birmingham imepewa haki ya kufanya soko tangu 1166, na mji unaitaja tarehe hiyo kama sisi Watanzania tunavyotaja 9 Desemba, siku ya uhuru.

Sasa turudi Mwenge. Jumba la maduka la Mlimani City lilipofunguliwa 2006, majirani walimwambia mama yangu kwamba genge lake litakufa. Halikufa. Wafanyakazi wa mle ndani ndio waliokuwa wateja wake wa jioni: nyanya fungu moja, kitunguu kimoja, nyongeza ya pilipili, na kukopa mpaka mshahara utoke. Supamaketi ya Shoprite ikaondoka, Nakumatt ikachukua nafasi na yenyewe ikafunga. Mama alikuwa pale pale na meza yake. Kwa hiyo anayesema maduka makubwa yanaua masoko yetu, mimi simkubalii. Mama aliondolewa na mgambo, Oktoba 2021, zoezi lile la kuwaondoa machinga barabarani mnalolijua wote.

Najua mtasema: dada, umekaa Ulaya miaka tisa, umesahau vumbi, unataka kutufundisha. Sijasahau. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda na mama Ilala saa kumi alfajiri kufuata tenga la nyanya, kisha naingia darasani nanuka majani. Na barabara zilikuwa zimezibwa kweli, mtu anatembea katikati ya daladala na mtoto mgongoni. Hilo silitetei hata kidogo. Mwingine ataniambia huku wauzaji wanalipia vizimba vyao. Na mama je? Kile kitambulisho cha machinga cha shilingi 20,000 alikinunua, akakitundika mezani kama picha ya harusi. Alidhani amepata hati.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mwenye jumba anapewa miaka, mwenye meza anapewa ruhusa ya leo. Tukishamwondoa tunamjengea mahali ambapo mteja hapiti. Machinga Complex, lile jengo la ghorofa la machinga pale Karume, ilitosha kutufundisha: nani apande ngazi kutafuta fungu la nyanya? Muuza mboga anaishi kwa miguu ya wapita njia. Watu wa Birmingham wamelielewa hilo, wameacha soko kwenye mdomo wa jumba, ili anayetoka na viatu apite na bamia. Na huku si peponi, msinisingizie. Kuna vizimba vya ndani vimefungwa, na baridi ya Januari inawatesa wauzaji mpaka unawahurumia. Ila hakuna anayekuja kubeba meza zao.

Tena sisi ndio tunaojua biashara ya mafungu kuliko hawa! Kupima kwa jicho, kumjua mteja kwa jina la mwanawe, kumkopesha bila karatasi. Huku kila mtu ni paundi mkononi.

Jana nilimpigia mama. Siku hizi anauza ndani, mbali na kituo, na daladala hazisimami karibu. Nikamsimulia kuhusu mabakuli. Akauliza bakuli moja lina bamia ngapi, akapiga hesabu, akasema wanauza ghali. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama Jumanne nikirudi nitamkuta yule muuzaji pale pale.

Nikamwambia, pale pale, mama.